Vimiminika vinapomwagika kazini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayojirudia kila mahali pa kazi panapojiandaa kwa siku ambayo pipa litapinduka, bomba litapasuka au chupa itaanguka sakafuni. Yamepewa namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine.

## Mambo ya msingi

1. Sanduku la kumwagika ni kitu gani hasa?

Ni chombo kimoja, kiwe pipa la magurudumu, begi au ndoo yenye mfuniko, chenye kila kitu ambacho mtu aliyefunzwa anahitaji ili kuzuia, kunyonya na kuondoa kimiminika bila kukimbia huku na huko kutafuta vifaa. Ndani huwa na soksi ndefu za kunyonya (ndizo za kuzungushia), pedi bapa, pengine mito au chembechembe, glavu, miwani ya kinga iliyoziba pande zote, kizoleo, mifuko minene ya taka na vifungio vyake, pamoja na karatasi ya maelekezo. Yaliyo bora yana pia kifuniko cha mdomo wa mfereji.

Masanduku mengi hayana kalamu ya wino usiofutika na lebo za kubandika kwenye mifuko. Ongeza mwenyewe. Mfuko wa taka usio na lebo, ukilala usiku mmoja, kesho yake hakuna anayejua kilichomo wala anayekubali kuubeba.

2. Sisi hatutumii kemikali. Tunalihitaji kweli?

Fungua stoo ya wafanya usafi kwanza ndipo ujibu. Humo mna blichi, mna dawa ya kuondoa ukoga chooni ambayo mara nyingi ni asidi, na pengine mna amonia. Blichi ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini. Ikikutana na amonia hutoa kloramini. Zote mbili huunguza mapafu. Kisha tazama nje: jenereta ina dizeli, magari yana betri na mafuta ya breki, lifti ya kuinua mizigo ina mafuta ya haidroliki.

Hata penye maji matupu, sakafu laini iliyolowa huangusha watu. Huenda usihitaji pipa zima la vifaa, lakini begi dogo na vibao vya kuonya unavihitaji.

3. Kwa nini tambara na ndoo ya deki havitoshi?

Kwa maji, vinatosha kabisa. Kwa mafuta, deki hutandaza utando mwembamba unaoteleza kuliko lile dimbwi la mwanzo, na maji ya ndoo huishia kumwagwa mferejini pamoja na mafuta yake. Kwa asidi kali, pamba huliwa. Kwa petroli ndiyo mbaya zaidi: tambara lililolowa huipa petroli eneo kubwa zaidi la kugeuka mvuke.

4. Rangi za pedi zina maana gani?

Kwa mazoea ya watengenezaji wengi, kijivu ni za matumizi ya jumla: maji, mafuta, vipoozi na kemikali zisizo kali. Nyeupe ni za mafuta peke yake. Njano ni za kemikali kali, zikiwemo asidi na alkali.

Mara nyingi zote hutengenezwa kwa polipropilini, plastiki ambayo kwa asili hupenda mafuta na kukataa maji. Ndiyo maana pedi nyeupe huelea juu ya dimbwi la mvua na kunyonya mafuta tu. Za kijivu huongezewa dawa inayozifanya zinywe maji pia. Kwa hiyo ukiweka za kijivu uwanjani wakati wa mvua, zitashiba maji kabla hazijagusa dizeli.

Rangi hizi ni desturi, si sheria. Soma maelezo ya mtengenezaji kabla ya kuziamini mbele ya asidi.

## Kuchagua na kukadiria

5. Tunaanzaje kujua tununue nini?

Usianze na katalogi. Chukua daftari uzunguke eneo lote, na kwa kila kimiminika andika vitu vinne: jina lake, ujazo wa chombo kikubwa kuliko vyote, mahali kilipo, na mahali kitakakoelekea kikimwagika.

Hicho cha nne watu hukikisia, na hukosea. Fanya jaribio la ndoo: mwaga ndoo moja ya maji safi karibu na mapipa, simama na saa mkononi, utazame yanakwenda wapi na yanafika mdomo wa mfereji baada ya sekunde ngapi. Sakafu inayoonekana bapa mara nyingi ina mteremko. Namba utakayoipata ndiyo muda ulio nao siku ya tukio, na maamuzi mengi yaliyo hapa chini yanaitegemea.

Kisha tafuta karatasi ya taarifa za usalama ya kila bidhaa. Chini ya GHS, mfumo wa kimataifa wa kuainisha kemikali na kuziwekea lebo, ambao Umoja wa Mataifa uliutoa kwa mara ya kwanza mwaka 2003, karatasi hiyo ina sehemu 16 zenye mpangilio uleule popote ulipo. Sehemu ya 6 inaeleza la kufanya kikimwagika. Ya 4 ni huduma ya kwanza, ya 8 ni vifaa vya kujikinga, ya 10 ni vitu visivyopatana nacho, na ya 13 ni namna ya kutupa. Chapisha hizo sehemu uziweke ndani ya sanduku, kwenye bahasha isiyopitisha maji. Karatasi iliyo kwenye kompyuta ya ofisi iliyofungwa haimsaidii mtu wa zamu ya usiku.

6. Sanduku liwe na uwezo wa lita ngapi?

Kipimo cha kuanzia ni chombo kikubwa kuliko vyote kinachoweza kumwagika kwa mkupuo. Pipa la kawaida la chuma lina lita 200 na ushei. Sanduku la lita 20 lililosimama kando ya pipa hilo ni la matone na uvujaji mdogo tu.

Hata hivyo si lazima unyonye kila lita. Kimiminika kilichozuiwa kwa soksi au trei kinaweza kuvutwa kwa pampu inayofaa na kurudishwa kwenye pipa tupu, kisha pedi zikamalizia yaliyobaki. Kwa hiyo, ukilazimika kuchagua, ongeza soksi kabla ya kuongeza pedi.

Uwezo ulioandikwa kwenye sanduku ni wa vifaa vilivyoshiba kabisa. Sakafuni havishibi hivyo, kwa sababu vingine hutupwa vikiwa vimelowa nusu. Mimi huongeza robo juu ya hesabu. Na kwa matangi ya lita 1,000 yenye fremu ya chuma, usitegemee pedi. Nenda swali la 9.

7. Mchanga au unga wa mbao unafaa?

Mchanga ni ukuta mzuri lakini si mnyonyaji. Ndoo mbili za mchanga zinaweza kuzuia mafuta yasifike mferejini, lakini punje zenyewe hazinywi. Mafuta hukaa katikati yake, nawe unabaki na taka nzito mara kadhaa ya kilichomwagika.

Unga wa mbao hunyonya vizuri, tatizo ni kwamba unaungua. Usiuweke karibu na petroli, thina, wala kitu chochote chenye kuoksidisha kama asidi ya nitriki au haidrojeni peroksidi iliyokolea, kwa kuwa unaweza kuwaka bila kiberiti. Chembechembe za udongo mfinyanzi na za vamikulaiti (madini mepesi yanayonyonya) haziungui, nazo hufaa sana kwenye saruji yenye mikwaruzo ambako pedi haigusi kila shimo. Zina ubaguzi mmoja mkubwa, ulioelezwa swali la 20.

8. Liwekwe wapi?

Karibu na hatari, lakini si ndani yake. Sanduku lililobanwa nyuma ya mapipa lina maana kwamba mtu atakanyaga kimiminika ili alifikie. Liweke kwenye njia ya kuingilia, upande ambao maji ya jaribio la ndoo hayakuelekea, palipo na kibao kinachoonekana hata kama mbele yake zimepangwa bidhaa.

Usilifunge kwa kufuli. Tumia kifungio cha plastiki kinachokatika kwa kuvutwa: mkaguzi ataona mara moja kama limefunguliwa, na siku ya dharura hakuna atakayeuliza funguo ziko kwa nani. Ndani, glavu na miwani vikae juu kabisa. Vikiwa chini, watu watashika pedi kwa mikono mitupu.

9. Trei ya kukingia chini ya mapipa iwe na ukubwa gani?

Kipimo kinachotumika sana ni asilimia 110 ya chombo kikubwa kuliko vyote, au asilimia 25 ya jumla ya vyombo vyote, chochote kitakachozidi. Mapipa manne ya lita 200: asilimia 110 ya moja ni lita 220, robo ya jumla ni lita 200, basi trei iwe ya lita 220. Mapipa sita: robo ya lita 1,200 ni 300, basi ni lita 300. Angalia pia sheria za mahali ulipo, maana nyingine hudai zaidi.

Trei iliyo nje bila paa hujaa mvua na kupoteza uwezo wake wote bila mtu kugundua. Na usipange asidi na blichi, au asidi na alkali, juu ya trei moja. Vikivuja vyote viwili, trei yako imekuwa chungu cha kuvichanganyia.

10. Tufanye nini kuhusu mifereji?

Chora ramani yake. Jua upi unapeleka maji ya mvua moja kwa moja mtoni na upi unapeleka maji taka kwenye mtambo wa kusafishia, kisha ipake midomo yake rangi mbili tofauti. Kimiminika kilicho sakafuni ni tatizo lenu wenyewe, lakini kikishaingia mferejini kinawafuata watu wasiojua lolote.

Vifuniko bapa vya poliurethani hushika vizuri kwenye sakafu laini iliyofagiliwa. Kwenye saruji iliyobomoka havizibi, hivyo jaribu chako leo kwa maji. Kama hakuna kitu, mfuko mnene wa plastiki uliotiwa maji na kufungwa unaweza kuukalia mdomo wa mfereji kwa muda, mradi kilichomwagika hakili plastiki na hakichachamai kikigusana na maji. Jaribio la ndoo likikupa chini ya dakika moja, kifuniko kikae palepale kando ya mfereji, si ndani ya sanduku.

## Kinga ya mwili

11. Glavu zipi?

Hakuna glavu ya kila kitu. Nitrili ni chaguo zuri kwa mafuta na kemikali nyingi za kawaida, lakini asetoni huipenya upesi. Kwa asetoni hutakiwa butili. Mpira wa kawaida wa latex hauwezi mafuta wala petroli. Glavu za ngozi hunywa kimiminika na kukishikilia juu ya mkono wako, kwa hiyo hazimo kabisa kwenye orodha.

Zile nyembamba za hospitali ni za kurukiwa na tone na kuzivua papo hapo, si za kushikia pedi zilizolowa. Weka nene, ndefu kupita kifundo cha mkono, za saizi mbili au tatu.

12. Barakoa ya vumbi inatosha?

Hapana. Hiyo hukamata chembe. Mvuke wa thina hupita kana kwamba haipo. Mvuke na gesi vinahitaji barakoa ya mpira yenye kichujio cha aina inayohusika. Katika viwango vya Ulaya, kichujio chenye mstari wa kahawia ni cha mvuke wa viyeyushi, kijivu ni cha gesi kama klorini, njano ni cha gesi za asidi kama dioksidi ya salfa, na kijani ni cha amonia.

Kichujio hakitengenezi oksijeni. Ndani ya tangi, shimo au chumba kisicho na hewa, mtu mwenye kichujio kizuri kabisa anaweza kufa. Na ukijikuta unahitaji barakoa ya aina hii ili tu usogelee, soma swali la 15 kabla ya kuivaa.

13. Tunahitaji sehemu ya kuoshea macho?

Mkiwa na asidi, alkali au kemikali yoyote inayounguza, ndiyo. Kiwango cha Marekani kiitwacho ANSI Z358.1 kinataka mtu aifikie ndani ya sekunde 10 hivi, na ioshe kwa dakika 15 mfululizo kwa maji ya vuguvugu, kati ya nyuzi 16 na 38 za Selsiasi. Maji baridi sana humfanya mtu ajiondoe mapema.

Chupa ndogo ya ukutani ni ya kuanzia wakati unaelekea bombani, kwa sababu huisha ndani ya dakika chache tu. Fungulia mabomba ya macho kila wiki ili yatoe kutu na maji yaliyolala. Njia ya kwenda huko iwe wazi: anayeitafuta haoni.

## Siku yenyewe

14. Hatua zifuatane vipi?

Paza sauti, waondoe watu, tambua ni kitu gani kwa kusoma lebo ukiwa mbali. Kama kinaweza kuwaka, zima kila chanzo cha moto ulicho na uhakika kinazimika bila cheche. Vaa. Kisha simamisha chanzo, yaani nyanyua pipa, funga vali, geuza chupa iliyolala ili tundu liwe juu. Ziba mfereji. Zungushia soksi, miisho yake ipishane. Ndipo pedi, ukitoka ukingoni kuelekea katikati. Kusanya, funga, weka lebo, safisha sakafu, andika ripoti.

Watu hubishana kama waanze na chanzo au mfereji. Mkiwa wawili, gawaneni. Ukiwa peke yako na jaribio la ndoo lilionyesha sekunde chache, nenda kwenye mfereji kwanza. Kosa ninaloliona mara nyingi ni la tatu: mtu anatupa pedi katikati ya dimbwi huku ukingo unaendelea kutembea. Inaonekana kama kazi, lakini haizuii kitu.

15. Lini tusiguse kabisa?

Msipojua ni nini. Kikizidi uwezo wa sanduku. Mtu yeyote akihisi kizunguzungu, macho kuwasha au kifua kubana. Kikiwa ndani ya sehemu isiyo na hewa. Kikitoa moshi, povu au joto bila kuguswa. Kukiwa na moto. Au wote waliopo wakiwa hawajafunzwa.

Hapo kazi yenu ni kutoka, kusimama upande upepo unakotoka na penye mwinuko, kuhesabu watu, kuita zimamoto na kuwakabidhi karatasi ya taarifa za usalama. Meneja anayesema "jaribuni kidogo kwanza" aelezwe hili siku ya kawaida, si siku hiyo.

16. Tunaweza kuosha kwa mpira wa maji?

Usioshe. Maji huongeza ujazo, husukuma kila kitu mferejini, na kuna vitu huchachamaa kwa maji. Sabuni juu ya mafuta ni kosa la kistaarabu zaidi lakini ni kosa vilevile: huyavunja mafuta kuwa matone madogo yanayopita kwenye kitenganishi cha mafuta na maji bila kunaswa. Nyonya kwanza. Sabuni kidogo na tambara mwishoni, na maji yake yakusanywe kama taka.

17. Asidi tuizimue au tuinyonye?

Kiasi kidogo na asidi inayojulikana, kama maji ya betri, ambayo ni asidi ya salfuriki ya karibu theluthi moja kwa uzito, huzimuliwa vizuri, yaani huondolewa ukali wake, kwa sodiamu baikaboneti, ile soda ya kuokea. Nyunyiza kuanzia ukingoni, pole pole. Itatoa povu la kaboni dioksidi na joto. Povu likikoma ukiongeza nyingine, imekwisha, na karatasi ya kupima pH, yaani ukali wa asidi au alkali, itathibitisha. Kwa alkali hutumika unga wa asidi ya sitriki.

Usizimue asidi kwa alkali kali kama kostiki soda. Joto lake linaweza kuirusha usoni. Kwa asidi iliyokolea na kiasi kikubwa, zuia kwa soksi za njano uite wanaojua. Nguo iliyorukiwa na maji ya betri huonekana nzima hadi ifuliwe, ndipo matundu yanapojitokeza. Basi ivue palepale.

## Vimiminika vyenye ukaidi

18. Petroli ikimwagika tufanye tofauti gani?

Hufikia kiwango cha kutoa mvuke wa kuwaka kwenye takriban nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo katika halijoto yoyote ya kazini tayari iko hatarini. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa: hutambaa sakafuni, huingia mashimoni, na unaweza kukutana na cheche mbali na dimbwi lenyewe.

Usiwashe taa wala kuizima, maana swichi hutoa cheche pande zote mbili. Simu ibaki mfukoni hadi utoke. Tumia vizoleo vya plastiki visivyotoa cheche. Pedi hunyonya kimiminika lakini hazizuii mvuke, kwa hiyo mfuko wa pedi za petroli utolewe nje mara moja, mbali na jua na moto. Dizeli haiwaki kirahisi hivyo, ila huteleza vibaya na hulainisha lami ikikaa.

19. Damu au matapishi?

Hapa adui ni vimelea. Vaa glavu, funika kwa karatasi au pedi za kunyonya, ondoa, kisha paka mchanganyiko wa klorini wa asilimia 0.5 na uuache dakika 10 kabla ya kufuta. Blichi ya asilimia 5 huchanganywa sehemu moja kwa sehemu tisa za maji. Changanya siku hiyohiyo, kwa sababu hupungua nguvu. Vipande vya kioo viokotwe kwa koleo. Usimimine blichi moja kwa moja juu ya dimbwi la mkojo; swali la 2 linaeleza inapokutana na amonia.

20. Kuna asidi ambazo sanduku la kawaida ni hatari kwake?

Zipo mbili za kukumbuka. Asidi ya haidrofloriki, iliyomo kwenye baadhi ya dawa za kuondoa kutu na za kuchora vioo, hula silika. Mchanga, udongo mfinyanzi na vamikulaiti vyote vina silika, na vikikutana nayo hutoa gesi yenye sumu. Hutumika pedi za polipropilini zilizothibitishwa kwayo, na misombo ya kalsiamu kama chokaa kuizimua. Ikigusa ngozi, maumivu yanaweza kuchelewa ilhali inapenya hadi mifupani. Lazima kuwe na jeli ya kalsiamu glukoneti karibu, na mgonjwa apelekwe hospitali hata akijisikia mzima. Bila jeli hiyo, msiwe na asidi hiyo kabisa.

Ya pili ni ya nitriki iliyokolea, ambayo haipatani na unga wa mbao, karatasi wala tambara.

21. Kipimajoto cha zebaki kimevunjika. Tufagie?

Usifagie, na usitumie mashine ya kufyonza vumbi. Ufagio huvunja matone kuwa madogo zaidi, na mashine hupasha zebaki joto na kuipuliza hewani kama mvuke usio na harufu. Zima feni, fungua madirisha, waondoe watu na ukague viatu vyao.

Zima taa, laza tochi karibu na sakafu: matone yatang'aa. Yasukume kwa kadi mbili ngumu, yavute kwa bomba la sindano lisilo na sindano, na yale madogo yaokote kwa utepe wa gundi. Unga wa salfa hushikana na yaliyojificha nyufani. Weka vyote kwenye chupa yenye kifuniko, kamwe si sinkini. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 umelenga kuviondoa vipimajoto hivi, lakini vya zamani bado vimo makabatini. Kuvikabidhi kwa wanaovikusanya kabla havijavunjika ni rahisi kuliko kazi yote hiyo.

22. Maziwa au juisi si hatari, sivyo?

Kwa mtu, si hatari. Kwa mto, ni hatari kubwa. Bakteria wanaoyameng'enya hutumia oksijeni iliyomo majini, na samaki hukosa hewa. Pipa la maziwa mferejini linahitaji kifuniko kilekile cha swali la 10.

23. Naitrojeni ya kimiminika?

Usijaribu kuinyonya. Iko nyuzi 196 chini ya sifuri, na lita moja hugeuka karibu lita 700 za gesi inayosukuma oksijeni nje ya chumba. Toka, acha mlango wazi kama unaweza, subiri iishe yenyewe na hewa ipimwe.

## Baada ya usafi

24. Pedi zilizotumika ni takataka za kawaida?

Zimekuwa kile zilichonyonya. Pedi za thina ni taka zinazowaka, za asidi ni taka zinazounguza, nazo zifuate sehemu ya 13 ya karatasi na kanuni za mahali ulipo. Usichanganye mabaki ya matukio mawili kwenye pipa moja.

Kuna mabaki mawili yanayoshangaza. Tambara lenye mafuta ya kitani, yanayotumika kung'arisha mbao, hujipasha joto lenyewe na kuweza kuwaka usiku likiwa limekunjwa kwenye ndoo. Lizamishe ndani ya maji kwenye kopo la chuma lenye kifuniko. Na asidi iliyozimuliwa hivi karibuni huendelea kutoa gesi, hivyo usikaze kifuniko hadi itulie.

25. Tukague kila baada ya muda gani?

Kila mwezi, na kila baada ya kutumika hata kama ni pedi moja. Mahali fulani niliwahi kufungua sanduku lililopigwa muhuri wa ukaguzi wa karibuni. Ndani palikuwa na soksi zote, hakukuwa na glavu hata moja, na pedi nusu zilikuwa zimetumika kufutia mashine. Mkaguzi alikuwa amekagua nje tu. Tangu hapo orodha huandikwa upande wa ndani wa kifuniko: huwezi kuisoma bila kufungua.

Matambara ya kufutia mashine yanunuliwe kando na yawe tele, la sivyo sanduku litaendelea kuliwa.

26. Mazoezi yafanyweje?

Kwa maji yenye rangi, palepale lilipofanyika jaribio la ndoo, bila kuwatangazia saa. Pima muda hadi mfereji uzibwe, si muda hadi sakafu ikauke. Washirikishe wafanya usafi na walinzi wa usiku, maana mara nyingi ndio wa kwanza kufika. Sanduku la mazoezi liwe jingine, lenye vifaa vilivyochakaa.

27. Pedi huisha muda?

Polipropilini haiozi, lakini jua huidhoofisha. Iliyokaa dirishani huanza kumomonyoka. Kinachowahi kuharibika ni vingine: glavu hukauka na kupasuka, baikaboneti hugandamana ikipata unyevu, blichi hupoteza nguvu, na vichujio vya barakoa vina tarehe iliyochapwa pembeni.